Alete Moto Yake

Jana Zaina, binti yangu, alikuja na simu mkononi kunionyesha picha za vitu. Kuna koleo ndefu kama miguu ya korongo. Kuna aproni nyeusi yenye maneno ya Kizungu kifuani. Kuna kijiti cha kudunga ndani ya nyama ili kikuambie kama imeiva, utadhani nyama ina homa. Kuna brashi ya kusugua wavu, na kuna kitu cha betri kinachopuliza makala, yaani makaa, bila mtu kuuchosha mkono wake. “Papa,” aliniambia, “Karimu amemaliza nyumba yake. Anasema kila dimanshi, siku ya kupumzika, atakuwa anachoma nyama kwa parseli yake, pale uani, batu bote ba famii bakuje. Tunataka kumupa zawadi. Weye njo mchomaji. Utuambie, muntu mwenye anaanza anahitaji nini?” Karimu ni mwanawe, mjukuu wangu wa kwanza. Nilizitazama zile picha mpaka simu ikajizima yenyewe.

Nilimjibu: kisu. Kisha nikasema hapana, chumvi. Kisha nikasema kwanza ajifunze kukaa, maana mtu asiyejua kukaa mahali pamoja hawezi kuchoma. Zaina akacheka. “Papa, kukaa haiuzwi kwa duka.” Ni kweli, haiuzwi. Lakini tangu Aziza, mama yake, atutoke kabla ya mfungo uliopita, maswali madogo yananivuruga. Mtu akiniuliza kama nimekula, naanza kufikiri. Yeye ndiye aliyekuwa akijua kama nimekula. Na maneno yenyewe, kuchoma, moto, zawadi, yakiwekwa pamoja yananirudisha kwenye mwaka mmoja ambao mpaka leo sijauelewa vizuri, ingawa niliishi ndani yake kila siku na nilikuwa na macho yangu mawili. Nitauandika kama unavyonijia. Ukiona nimepotea njiani, ningoje hapo hapo, nitarudi.

Mwaka ule nilikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajadiliana kama zitoke, na nilikuwa nachoma nyama ya mbuzi kando ya hoteli ya chai pale Kamembe, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu, karibu na soko. Hoteli kwetu si nyumba ya kulala wageni, ni mahali pa chai ya maziwa na mandazi, na watu hukaa humo kusema mambo ya watu ambao hawamo. Chumba changu kilikuwa nyuma ya hoteli hiyo, na ukuta kati yangu na wanywaji chai ulikuwa wa mbao ambazo hazikupendana, kila moja ilisimama mbali na mwenzake. Asubuhi mvuke wa maziwa uliingia kwangu kabla ya jua, na maneno yaliingia pamoja nao. Nilijua nani amegombana na mke, nani amevuka kwenda Bukavu na hajarudi, nani ameleta dagaa, sambaza za kisiwa cha Nkombo, zilizoanza kunuka akaapa ni za leo. Watu husema mtu asiyesoma hana habari. Mimi shule niliiacha mapema sana, lakini ukuta ule ulikuwa shule, shida yake moja tu ni kwamba ulikupa nusu ya neno, nusu nyingine ikabaki upande wa chai.

Vyombo vyangu vililala chumbani pamoja nami. Wavu wa chuma niliouchomelesha kwa fundi, mweusi kama sufuria ya harusi. Sinia refu la makala, lenye miguu. Koleo. Vijiti vya chuma vya kuchomekea broshete, mishikaki yetu. Kisu, ambacho sikumpa mtu hata kukata kitunguu. Kifuniko cha ndoo cha kupepea, maana ukipuliza kwa mdomo unapuliza majivu juu ya nyama ya watu. Na chupa ya maji ya chumvi niliyoitoboa kifuniko, kwa sababu mafuta ya mbuzi yakidondoka moto unaruka, na moto ukiruka unamrushia kidogo tu, kama unavyomnyamazisha mtoto, humwagii. Nikivitaja namna hii naona vilikuwa vichache, lakini wakati ule niliona nina karakana. Nilikuwa na kila kitu, nikakosa mke.

Nyama nilichukua kwa Mzee Yusufu, mwenye bucha. Mbuzi wake walitoka Nzahaha, walikuwa na miguu mifupi na hasira nyingi. Binti yake Aziza ndiye aliyefukuza nzi kwa tawi na kunifungia nyama kwenye majani ya mgomba. Siku ya kwanza aliyonisemesha alisema, “Jana uliunguza tena.” Nikamuuliza nani kamwambia. “Moshi ilifika mpaka kwetu. Ilikuwa inanuka majuto.” Nikarudi na nyama yangu nimekosa jibu, na jibu lilinijia nikiwa nimeshamaliza kuuza. Siku iliyofuata nikamwambia lile jibu, lakini lilikuwa limepoa. Akasema, “Hii umeilaza tangu jana?” Ndivyo tulivyoanza.

Miezi ilipita hivyo, mimi na majibu yangu yaliyolala. Mwishowe nikapeleka neno kwa shangazi yake, Mwajuma, dada ya Mzee Yusufu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Kwetu shangazi ndiye mlango, ukiingia dirishani utatolewa kama mwizi. Alikwenda, akarudi, akaketi hotelini, akaagiza chai. Akala andazi, akala la pili, akajifuta vidole kimoja kimoja, na mimi nimesimama hapo na koleo mkononi kama askari. Ndipo akasema: “Mzee amesikia. Hajakatala. Anasema hivi: kijana alete kwanza moto yake, tuione.”

Sasa hapa ningoje kidogo, kwa sababu wasomaji wengine si wa huku. Mtu wa pwani akitaka kusema ule unaowaka atasema moto wake. Akitaka kusema ile ya magurudumu mawili atasema pikipiki yake, na mambo yanaisha. Kwetu Rusizi, sawa na Bukavu, pikipiki tunaiita moto, kama Wafaransa, na hatuna muda wa kuchagua wake au yake. Ya makala ni moto yake, ya petroli ni moto yake. Mwalimu wetu wa madrasa, aliyetoka Ujiji, alikuwa akitupiga vidole kwa ajili ya jambo hilo. Alisema, ipo siku mtajuta. Tulidhani anasema habari ya ahera.

Na mimi nilisikia ya petroli. Usinicheke upesi, nilikuwa na sababu, na sababu ilitoka ukutani. Dada mkubwa wa Aziza alikuwa ameolewa na fundi cherehani, na kabla ya harusi ile nilisikia kwa masikio yangu kupitia zile mbao: “Yusufu alimuambia alete mashini. Na mashini imeingia kwake leo, imebebwa na batu babili.” Nikaona kwa macho yangu pia, cherehani ya miguu ikipita sokoni juu ya vichwa vya watu. Basi nikaweka moja juu ya moja. Mzee huyu anapenda mashine. Wa kwanza alileta cherehani, wa pili alete moto. Kwa hesabu hiyo nikamshukuru Mungu kwamba mimi si wa tatu.

Mwaka ule mwenye moto alikuwa padri, au bwana shamba wa serikali, au mfanyabiashara mwenye tumbo. Kijana wa broshete na moto, ni wapi na wapi. Lakini mapenzi yana ujinga wake ambao mtu huuita nguvu. Nilianza kuuliza watu. Nilienda kutazama moto ya padri ikiwa imesimama nje ya kanisa, mpaka mlinzi akaniuliza kama nataka kubatizwa. Nililala nikiona magurudumu. Na nyama ikaanza kuungua kweli kweli, siyo ya kutaniwa, kwa sababu kila mngurumo ukipita barabarani nilikuwa nageuza kichwa, na nyama haipendi mtu anayegeuza kichwa.

Siku moja, saa ya alasiri, Mzee Yusufu mwenyewe akasimama mbele yangu. Alikuwa mrefu, mwenye kofia nyeupe, na alikuwa na tabia ya kuitazama nyama kabla ya kumtazama mtu. Makala yalikuwa yamewaka vizuri, mekundu chini, na majivu membamba juu. Akayatazama. Akasema, “Na moto yako, kijana? Tunaingoja.”

“Bado, Mzee. Niko natafuta.”

“Unatafuta moto?”

“Ndiyo, Mzee. Ni nguvu kuipata.”

Akatazama makala. Akanitazama mimi. Akanyoosha kidole kwenye sinia. “Na hii?”

“Aa, hii ni ya kazi tu, Mzee. Ya kwako itakuwa nzuri kuliko hii.”

Naukumbuka uso wake mpaka leo, uso wa mtu aliyeambiwa salamu kwa lugha ya ndege. Kisha akaondoka bila kununua, na mimi nikajisifu kwamba nimeongea kiume. Asubuhi nikasikia upande wa chai mtu anasema, “Yusufu amekasirika. Anasema ule kijana iko na kiburi. Ati moto yake ya kazi haiwezi kuingia kwa nyumba ya bucha.” Mwenzake akasema, “Batoto ba siku hizi.” Nikalala chali kitandani nikijaribu kuelewa. Kiburi gani? Nimesema nitamletea nzuri kuliko hii! Nikafikiri labda wanamsema kijana mwingine. Nikamhurumia huyo kijana mwingine.

Nikimsimulia Zaina na kufika hapa, huwa ananiuliza kwa nini sikumuuliza mtu tu. Ningemuuliza nani? Aziza nilimuuliza. Nilimwambia buchani, kwa sauti ya chini, “Baba yako anapenda ya rangi gani?” Akasimamisha tawi lake la nzi. “Rangi ya nini?” “Ya moto.” Akanitazama kwa muda, nzi wakapata nafasi. Akasema, “Papa anapenda nyekundu.” Na akainama kufunga nyama, mabega yake yakitetemeka, nikadhani analia kwa furaha.

Mfungo ulipokwisha, Shangazi Mwajuma akaja tena, safari hii hakuagiza chai, nikajua ni mabaya. “Hamisi, mutoto yangu, Mzee amechoka kungoja. Kuna muntu wa Bugarama, wa mashamba ya muchele, ameshaanza kutuma gunia. Mzee amesema mwisho ni Idi ya kuchinja. Siku ile ukiingia na moto yako, Aziza ni wako. Usipoingia, tutakula pilau ya Bugarama.” Nikamuuliza, “Shangazi, hata kama ni ya zamani?” Akanishangaa. “Moto ya zamani ni nini? Lete tu ile uko nayo!” Nikasema sina. Akanishika paji la uso kuona kama nina malaria.

Ndipo nikasikia habari ya Dodo. Alikuwa fundi wa magari kule Nyakabuye, Mnyarwanda aliyekulia Kongo na kurudi, mkristo mcheshi mwenye mikono isiyotakata. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na moto nyekundu. Nyekundu! Nilishuka huko na lori. Aliiondolea turubai mwenyewe kama mtu anayefunua bibi arusi. Ilikuwa na taa, kiti, magurudumu yenye rayo zake zote, vile vijiti vya chuma vya ndani, mabati ya kuzuia tope juu ya magurudumu, kiti cha mizigo cha chuma nyuma, hata kibao cha namba. “Iko na kila kitu,” Dodo akasema. “Bila moteri tu.” Pale moteri, yaani injini, ilipopaswa kuwa, kuku alikuwa ametaga.

Nikajiuliza. Mzee alisema alete. Hakusema apande. Nikamuuliza Dodo anataka nini. Akajikuna kichwa. “Unajua, mi nimechoka na mafuta ya gari. Kule Bukavu niliona batu banachoma nyama kwa barabara, banakula, banacheka, banavaa shimizi ya kola ya kupendeza. Mi pia nataka kuanza. Lakini sina kitu, sijui ata muntu anaanzia wapi.” Basi nilirudi Kamembe nikapakia chumba changu kizima kwenye lori, nikashuka nacho Nyakabuye, na tukakaa naye uani kwake, mimi nikimkabidhi kimoja kimoja na kumweleza. Huu wavu usiuoshe kwa sabuni, uusugue na nusu kitunguu ukiwa wa moto. Haya makala usiweke nyama yakiwa na ulimi, ngoja yavae majivu. Koleo ni mkono wako, usichome nyama kwa uma, utamwaga utamu. Chupa hii ni ya kumnyamazisha moto akiruka. Dodo alirudia kila neno kama anayesoma katekisimu. “Na kisu?” akauliza. Nilikuwa nimekiweka nyuma yangu. Nikakaa nacho kidogo. Nikampa.

Nimefikiri sana juu ya saa ile. Naweza kusema sijawahi kumpa mtu zawadi kamili namna ile, na sikuwa natoa zawadi, nilikuwa nabadilishana. Siku hizi wanapouliza mtu anayeanza anahitaji nini, namwona Dodo amekaa juu ya tairi, vyote vimepangwa mbele yake, na hajui hata kimoja kinaanzaje. Alikuwa na kila kitu bila moteri tu. Lakini wakati ule sikuona hivyo. Niliona nyekundu.

Siku ya Idi, baada ya swala, uwanja wa Mzee Yusufu ulikuwa umejaa. Mbuzi wamechinjwa, ngozi zimetandikwa, wanawake wako jikoni nyuma, watoto wanakimbia na mikia ya mbuzi. Lori lilinishushia moto barabarani na mimi nikaisukuma kupanda kile kilima, kanzu yangu ya Idi imelowa jasho mgongoni, na njia nzima watu wananiuliza, “Imezimika?” Nikajibu, “Iko salama.” Nikaingia langoni nayo. Nikaisimamisha katikati ya uwanja, nikaipangusa kiti kwa mkono wa kanzu. Kelele zote zikaisha. Nadhani hata mbuzi waliobaki walinyamaza.

Mzee Yusufu akatoka mbele, kisu cha kuchinjia bado mkononi. “Hii ni nini?”

“Ni moto, Mzee. Ile ulisema nilete.”

Akazunguka. Akainama, akatazama pale pasipo na moteri. Akaniuliza pole pole, kama anayeongea na mgonjwa. “Mi nilisema ulete nini?”

“Moto yangu, Mzee. Muione.”

“Moto!” akasema. “Moto, moto! Ya makala! Ya kuchoma! Fundi cherehani alileta mashini, akanishonea kanzu hapa hapa mbele ya batu, akarudi na mashini yake. Wewe nilisema ulete moto, uchome hapa mbele yetu, tuone mukono yako. Nimpe mutoto yangu kwa muntu sijaona mukono yake?”

Nilihisi kila kitu cha mwaka ule kinageuka ndani ya kichwa changu kama gunia linalomwagwa. Hii ni ya kazi tu. Kiburi. Rangi gani. “Sasa basi,” Mzee akaendelea, “nyama iko, batu beko. Kimbia uilete.”

“Sina tena, Mzee.”

“Iko wapi?”

“Nyakabuye. Niliibadilisha.”

“Uliibadilisha na nini?”

Nikakitazama kile kitu chekundu. Ndipo Shangazi Mwajuma, aliyebeba beseni la maini, akaliweka chini polepole na kusema kwa ile sauti yake ya kuvuka ziwa: “Alibadilisha moto na moto!” Na uwanja mzima ukalipuka. Watu walishikana. Mzee mmoja alikaa chini juu ya ngozi mbichi. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona gunia la mchele wa Bugarama limeegemea ukuta wa baraza, limeshonwa vizuri, linaningoja nitoke.

Mzee Yusufu hakucheka pia. Alikuwa anageuka kurudi kwa nyama yake, na najua kama angefika kule mgongo wake ungekuwa ndilo jibu. Lakini Aziza alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ina unga. Akasema, bila kupaza sauti, “Papa, ile moto iko na rayo.”

“Rayo ya nini?”

“Rayo ni chuma. Broshete inataka chuma. Na nyuma iko kitu ya kubeba mizigo, ni sawa na wavu. Ulisema alete moto yake achome. Ameileta. Achome.”

Sitasahau nilivyomwangalia. Mzee akarudi hatua moja, akasema, “Haya.” Fundi cherehani akaniletea spana kutoka kwa jirani. Nikapiga magoti katikati ya uwanja na kanzu yangu nyeupe nikaanza kuichinja ile moto kama mbuzi wa kumi na ngapi sijui wa siku ile. Bati la kuzuia tope nikaligeuza juu chini, likawa sinia la makala. Kiti cha mizigo nikakilaza juu yake. Makala Aziza aliniletea kutoka jikoni, kwenye mbabula, jiko lao la makala. Nikayaacha yawake bila nyama mpaka rangi nyekundu ikababuka yote ikaisha, moshi mweusi ukawakimbiza wageni upande wa pili, na rayo nikazisugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikatoka damu. Kupepea nikapepea na kibao cha namba. Maji ya chumvi nikayatia kwenye birika la kutawadhia. Ikabaki kisu. Nikasimama hapo na mikono mitupu, nikatazama huku na huku. Mzee Yusufu alikuwa juu ya kichwa changu. Mwenye bucha hampi mtu kisu chake, hata mwanawe, kila mtu Kamembe anajua. Alikigeuza, akanielekezea mpini.

Nilichoma mpaka alasiri. Sikugeuza kichwa hata mara moja. Nilingoja makala yavae majivu ingawa watoto walikuwa wananivuta kanzu. Rayo ya kwanza nilimpelekea Mzee Yusufu, aliyekuwa ameketi juu ya kile kiti cha dereva nilichokifungua kwenye moto, wamekiweka kivulini. Akauma. Akatafuna muda mrefu, nikasikia taya zake. “Inanuka petroli kidogo,” akasema. Akauma tena. “Lakini haikuungua.” Akamaliza rayo nzima, akainyoosha kwa kidole, akanirudishia. “Moto yako nimeiona.”

Gunia la Bugarama lilirudi Bugarama. Kile kiti cha dereva kilibaki barazani kwa Mzee Yusufu mpaka kifo chake, akikaa juu yake akiwaambia wageni kwamba yeye hakuwahi kuendesha lakini moto anayo. Dodo aliunguza nyama ya watu wa Nyakabuye muda fulani, kisha akarudi kwenye magari, na vyombo vyangu sikuviona tena. Mambo mengi yamepita juu ya mji huu baadaye, mazito, siyo ya kuandika katika habari ya nyama. Tulihama, tukarudi. Vitu vingi vilipotea, lakini kiti cha mizigo na zile rayo Aziza alivifunga ndani ya gunia, na gunia lilikuwa likienda pale alipokwenda.

Mpaka leo asubuhi lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chetu. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi. Siku za mwisho, Aziza akiwa amelala na mimi nimekaa kando na bakuli la uji ambalo hakulitaka, aliniambia ghafla, “Hamisi, mi nilijua Papa anasema moto ya makala.” Nikamuuliza, “Ulijua tangu lini?” Akasema, “Tangu siku ile.” Nikamuuliza siku gani, ya rangi, ya Idi, au tangu Shangazi alipoketi akila mandazi? Alikuwa amefumba macho. Mabega yake yalitetemeka kidogo, kama siku ile ya nzi, na sikuweza kujua kama anacheka au ni baridi. Nikavuta blanketi. Kama alijua, kwa nini aliniacha nihangaike nusu ya mwaka, nikitoe kisu changu? Kama hakujua, rayo alizifikiria saa ngapi, akiwa na unga mikononi? Huwa napata jibu usiku, na asubuhi limepoa.

Leo mchana tulikwenda kwa Karimu. Zaina alibeba ile koleo ndefu na kipuliza cha betri, kila mtu alikuwa na kitu kimefungwa karatasi yenye maua. Mimi nilibeba gunia. Nilikaa nalo garini juu ya magoti, na mara mbili nilitaka kusema turudi, nimelisahau nyumbani, ingawa lilikuwa mikononi mwangu. Karimu alifungua zawadi zote, akashukuru kila mtu, akavaa ile aproni. Kisha akafungua gunia, akatoa kile chuma kilichopinda, cheusi, na zile rayo zilizofungwa kwa kitambaa cha kitenge cha bibi yake. Akavigeuza mkononi. Alikuwa na adabu, hakutaka kunikosea.

“Babu,” akaniuliza, “hii ni ya moto?”

Nikamwambia, “Ndiyo. Ni ya moto.”